Kundi lenu la masomo limekufa kimyakimya? Hivi ndo tulivyofufua la kwetu, hatua kwa hatua

Wakuu habari za muda huu. Hii naandika kwa ajili ya maCR (viongozi wa darasa), maadmini, matyuta na yeyote aliyeangukiwa na grupu la WhatsApp la watu wanaosoma kwa masafa, wale ambao chuo ni simu na darasa ni kona ya kitanda baada ya watoto kulala. Ni ndefu, kachukue chai kwanza.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza kozi yetu ilikuwa na grupu la watu 243 na mimi nilikuwa mmoja wa maadmini watatu. Kulikuwa na dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Rukwa, wiki za mwanzo anachangia vizuri tu. Usiku mmoja saa tano na dakika arobaini akaandika "naombeni mwenye muda anielekeze swali la 2, nimejaribu naona nazunguka tu". Dakika sita mbele mtu akatupia tangazo la viwanja Kigamboni, chini ya viwanja zikaja stika za kucheka, asubuhi likaja ua na "amkeni wapambanaji". Swali lake hakuna aliyeligusa. Mimi nililiona usiku uleule nikasema kesho, na kesho ikaja na mambo yake. Baadaye sana, tunahakiki orodha ya mtihani, ndo mtu anauliza hivi yule madam wa Rukwa yuko wapi jamani, tunapandisha juu kutafuta aliandika lini mara ya mwisho tunakuta ni lile swali. Wiki tisa zimepita. Watu 243 na hakuna aliyejua mwenzetu kaondoka, maana hata hakuleft, namba yake bado ilikuwemo.

Mtu anayesoma mbali haagi. Anaacha kuuliza, afu anaacha kufungua, afu ada ya awamu ya pili inapita, basi. Mmarekani mmoja, Vincent Tinto, aliandika tangu mwaka 1975 kwamba mwanafunzi kubaki chuoni kunategemea sana kama amejishika kwenye mambo mawili, masomo yenyewe na watu wa pale, na yeye alikuwa anazungumzia vyuo vya mabweni na kantini ambapo mtu asipoonekana mwenzake wa chumba anashtuka. Sisi wa simu nani atashtuka? Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeipima kwa swali moja tu: mtu akipotea leo, nani atajua, na itamchukua siku ngapi kujua?

Hatua ya 1: Livunje hilo kundi kubwa

Usilifute, livunje. WhatsApp tangu 2022 wanaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja na maadmini wengi wakashangilia, ila kwa masomo hiyo ni shughuli ya harusi, kila mtu anaamini kuna mwingine anayeshika sufuria. Grupu kubwa libaki la matangazo, lifunge waandike maadmini tu, chini yake tengeneza vijikundi vya watu 6 hadi 8. Kile kipengele cha Jumuiya kinakusaidia kuvishikanisha vyote sehemu moja. Kwanini 8? Wanane mnajuana majina hata bila kusevu namba, sauti mnazitambua, mmoja akinyamaza siku mbili pengo linaonekana. Mkiwa wanne, wawili wakibanwa na kazi mnabaki wawili mnaangaliana.

Sasa kugawa ndo penye kazi. Mi mwanzo niligawa kwa mikoa, watu wa Mbeya na Mbeya, wa Mwanza na Mwanza, nikajiona nina akili sana. Ikafeli ndani ya wiki tatu. Nesi wa zamu za usiku na mwalimu anayelala saa tatu, hata wakikaa mtaa mmoja mtandaoni hawakutani, na jamaa wa Dar anafika nyumbani saa nne kasoro kwa ajili ya foleni wakati wenzake wameshafunga mjadala na wamelala. Gawa kwa muda ambao mtu yuko huru. Weka kura kwenye grupu kubwa yenye machaguo matano tu: alfajiri kabla ya kazi, mchana, saa moja hadi tatu usiku, baada ya saa nne usiku, wikiendi pekee. Wanaochagua sawa ndo wanakaa pamoja, hata kama mmoja yuko Kigoma na mwingine yuko Muscat (tunao wawili wa huko, wanasoma wakirudi kazini).

Ndani ya kila kijikundi hakikisha kuna mmoja asiyeogopa kuongea na mmoja anayejua kompyuta kidogo. Na tafadhali vipanga, wale wakali wa darasa, usiwarundike pamoja hata wakikuomba. Watakuomba.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza msisome

Hapa ndo nilipopigiwa kelele kuliko pote, watu wanasema tumelipa ada tuje kupiga stori? Nisikilizeni. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Gilly Salmon, amefundisha kwa masafa kule Open University yao, yeye alipanga ngazi tano za mtu anayesoma mtandaoni: kwanza aingie na azoee chombo, pili ajuane na wenzake, tatu ndo waanze kupeana taarifa, nne wajenge maarifa pamoja, tano mtu asimame mwenyewe. Sisi tunaruka mbili za mwanzo, siku ya kwanza tu admini anamwaga PDF 14 na ujumbe wa "someni hizo". Mtu hajui hata anaongea na nani, swali la kijinga atauliza mbele ya nani?

Ila msijitambulishe kwa ile staili ya "naitwa fulani, natokea mkoa fulani, kozi fulani". Wa kwanza akiandika hivyo wote wanakopi, mwisho mna orodha ya mahudhurio. Sisi tulisema kila mtu apige picha ya mahali anaposomea, bila kupanga, pawe pachafu hivyohivyo, sura isionekane kama hutaki, na aseme kwa voisi ya nusu dakika ni muda gani huwa anapata kukaa hapo. Admini aanze. Mi niliweka meza yangu ya kulia chakula, daftari limekaa juu ya kitambaa cha plastiki chenye alama ya sufuria ya moto. Baada ya hapo zikaja zenyewe: kuna kaka alipiga ndani ya kabini ya lori kwenye foleni ya Tunduma, vitini viko juu ya dashibodi vimekandamizwa na chupa ya maji, voisi yake unasikia injini za wenzake nyuma, anasema "nasoma magari yakisimama, yakitembea nafunga". Kuna dada aliweka rundo la madaftari ya darasa la nne ya kusahihisha na moduli yake iko chini kabisa ya lile rundo, kona tu inachungulia. Siku ile hakuna aliyesoma hata ukurasa, lakini tangu hapo mtu wa lori akikaa kimya tunajua yuko barabarani, hatumhesabu mzembe.

Jambo lingine la wiki hii ni salamu, na hili wageni hawawezi kulielewa. Makundi yetu yana kijana wa miaka 22 na mzee wa 56 pamoja. Tulikuwa na mzee wetu kila akiandika swali anapata shikamoo kumi na nne, anaitikia moja moja kwa heshima, marahaba mwanangu, marahaba binti yangu, akimaliza swali lake limeshapanda juu huko halionekani. Afu vijana wanaogopa kumwambia mzee hapo umekosea, na mzee naye anaona haya kuuliza mbele ya watoto. Tukamweleza kwa inboksi, akacheka, akaandika mwenyewe kwenye kundi: "Humu shikamoo moja asubuhi kwa wote inatosha, baada ya hapo mimi ni mwanafunzi mwenzenu na takwimu sijui." Kuanzia siku hiyo tukamwita Mzee wa Takwimu na ndo aliyekuwa anauliza kuliko wote. Kama kwenu kuna wazee, ongea nao mapema, na waseme wao, msiwasemee.

Hatua ya 3: Kila mtu awe na pacha

Hii ndo ingemwokoa yule dada wa Rukwa, naamini hivyo. Ndani ya kijikundi kila mtu anapewa mwenzake mmoja wa kumwangalia. Kazi ni ndogo: pacha wako akipitisha siku tatu bila kuonekana, unamtafuta. Inboksi, usimtagi mbele za watu, mtu aliyezama ukimtagi mbele za wenzake anazama zaidi kwa aibu.

Na unamtafutaje? Usianze na "mbona kimya?" maana hiyo inasikika kama kesi. Anaanza kujitetea, au anakujibu "nipo tu, majukumu" na mazungumzo yameishia hapo. Sisi tulikubaliana uanze na hali yako wewe. Kitu kama: "Mambo vipi dada, mi nimekwama kwenye mada ya 3 pale kwenye sampuli, wewe umepita hapo?" Akijibu hajapita, umeshajua alipo, na hajaona kama anakaguliwa. Kama ni mkubwa wako anza na shikamoo yake kamili, huku ni inboksi. Asipojibu siku ya pili piga simu ya kawaida, achana na ya WhatsApp, wengi wanaopotea tatizo la kwanza ni bando tu, mtu hana bando wiki nzima na anaona aibu kusema.

Pacha wabadilishwe kila muhula. Na kama ni mume na mke wanasoma kozi moja (wapo), msiwape upacha, watapeana likizo.

Hatua ya 4: Swali lisilale

Sheria yetu kubwa ni hii na iko kwenye maelezo ya kundi: hakuna swali linalopitisha saa 24 bila mtu kuligusa. Kuligusa maana yake nini? Hata useme "na mimi hapo sielewi, tusubiri wenzetu" umeligusa. Nilikuwa nadhani watu wanataka majibu, baadaye nikagundua kinachoua ni zile tiki mbili za bluu na ukimya chini yake, mtu anajua mmeona, anajua mmeamua kuuchuna, na kichwani anajiambia swali langu lilikuwa la kijinga.

Admini na vipanga, nyie ndo mna kazi ya kushusha bei ya swali. Ulizeni vitu vya kijinga makusudi wiki za mwanzo. Mi niliuliza tofauti ya wastani (mean) na kati (median) kwenye takwimu, na nilikuwa naijua, watu saba wakajitokeza kueleza na wawili wakaandika inboksi asante hata mimi nilikuwa sijui.

Halafu anayejua asibandike jibu zima. "Nitumie yako nione" ndo ugonjwa wa makundi yetu, asaimenti moja inazunguka watu kumi na mbili na mwisho wote mnaitwa kujieleza. Anayejua aeleze alianzia wapi, apige picha ya hatua ya kwanza tu kwenye daftari lake, aseme endelea ukikwama rudi. Kuna watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada, Garrison, Anderson na Archer, mwaka 2000 walisema darasa la mtandaoni linahitaji uwepo wa aina tatu, watu waonekane ni watu, fikra zifanye kazi, na kuwe na mtu anayeongoza. Ukiangalia makundi yaliyokufa utakuta moja limekosekana. Kuna yale ya pilau na vichekesho, upendo umejaa ila hakuna anayefikiri, na kuna yale ya PDF tupu, stoo ya karatasi isiyo na mtu. La tatu, la kukosa kiongozi, hilo mnalijua, kila mtu anasema "tupange siku tujadili" na siku haipangwi.

Hatua ya 5: Siku mbili tu kwa wiki, na zisihame

Jumatatu saa mbili usiku swali moja linawekwa na mtu wa zamu, linafanyiwa kazi kwa maandishi mpaka Jumatano, kila mtu kwa muda wake. Alhamisi saa tatu usiku mnaongea kwa sauti. Basi. Makundi yanayopanga kukutana kila siku yanadumu siku nne.

Hiyo Alhamisi ile Zoom ya bure inakata dakika 40 na mimi naona ni baraka, inawazuia wale wenzetu wenye hotuba. Kamera zimeni zote, zinakula bando bure. Anayeshindwa kuingia amwagiwe voisi tatu za dakika mbilimbili za yaliyozungumzwa, si rekodi ya saa nzima ambayo hataishusha. Vitini pigeni kwa programu ya kuskani vishuke ukubwa, PDF ya MB 60 kwa mtu anayenunua bando la siku ni kumwambia usisome.

Siku zisihame hata mkiwa watatu. Kuna Alhamisi tulikuwa wawili, mimi na Mzee wa Takwimu, mvua inapiga kwake kwenye bati hatusikilizani vizuri, tukaongea dakika ishirini tukaagana. Wiki iliyofuata walikuja sita, mmoja akasema niliona kwenye kundi kwamba mlikutana hata hivyo.

Hatua ya 6: Wakimya wasifukuzwe

Maadmini wengi wana tabia ya "asiyechangia namtoa". Acheni. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni kama watu 90 kati ya 100 wanasoma tu, 9 wanachangia kidogo, na mmoja ndo anaongea wakati wote. Kwenye kijikundi cha wanane hali inakuwa nzuri zaidi ya hapo lakini bado mtakuwa na wawili watatu wa kusoma tu, na kusoma nako ni kuwepo.

Tofautisha mkimya na aliyeondoka. Bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua taarifa zake, utaona nani kausoma na saa ngapi, na kwenye makundi inaonyesha hata kwa yule aliyezima tiki za bluu. Anayesoma kila siku bila kuandika mwache apumue. Ambaye hata ujumbe wa wiki iliyopita hajaufungua, huyo mpigie pacha wake simu leo.

Na mkimya mpe kazi ndogo, hapa nitawapa mfano ninaoupenda. Jean Lave na Etienne Wenger mwaka 1991 waliandika jinsi watu wanavyojifunza kwa kuingia kwenye kundi la wenye ufundi, na mfano wao mmoja ni mafundi cherehani wa Liberia. Mwanafunzi pale haanzi kukata kitambaa, anaanza mwisho wa nguo, vifungo na pindo, akiharibu hasara ni ndogo lakini muda wote ameishika nguo kamili mkononi na anaona fundi anakata. Kwetu vifungo na pindo ni nini? Kutunza tarehe za asaimenti. Kukusanya maswali ya wiki sehemu moja. Kukumbusha Alhamisi saa mbili na nusu kwamba tunaanza. Yule kaka wa lori alikuwa haongei kabisa, tukampa tarehe, kila Jumapili anatupia "zimebaki siku 9, zimebaki siku 2", mwisho akaanza kuongeza na maneno yake, sasa hivi ukimkaribisha Alhamisi unajuta.

Hatua ya 7: Aje mtu wa mwaka wa tatu aseme ukweli

Mwaka wa kwanza kila mtu ana siri moja, anadhani wenzake wote wanaelewa isipokuwa yeye. Watu waliorudi kusoma ukubwani ndo usiseme, mtu ana miaka 15 tangu ashike kalamu ya mtihani, anapata alama 11 kwenye testi ya kwanza na anasema nilijua tu, hivi vitu si vya umri wangu.

Gregory Walton na Geoffrey Cohen walifanya jaribio kwenye chuo kimoja Marekani wakalichapisha 2011: waliwakalisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa saa moja hivi, wakawasomesha maelezo ya waliotangulia kwamba wasiwasi wa "mimi si wa hapa" kila mtu huwa nao mwanzoni na unapungua kadri muda unavyokwenda, afu wakawaambia nao waandike ya kwao kwa ajili ya watakaokuja. Wanafunzi weusi waliopata hiyo saa moja, alama zao zilipanda kwa miaka mitatu iliyofuata na ile tofauti yao na wazungu ikapungua kwa nusu. Saa moja tu.

Sisi hatuna maabara, tunachofanya ni kumwita mtu wa mwaka wa tatu aje atoe voisi baada ya matokeo ya testi ya kwanza, wakati huohuo watu wako chini. Mwambie asije kutamba. Motivesheni hatutaki, "ukiamini utaweza" hatutaki. Aseme alifeli nini, alipata sapu (mitihani ya marudio) ngapi, nusura adisko (aondolewe chuo kwa kufeli) muhula gani, ilimchukua muda gani kukaa sawa. Mmoja alisoma alama zake za mwaka wa kwanza zote kwa sauti kama anasoma orodha ya sokoni, 14, 9, 17, 12, akanyamaza kidogo akasema "na mwaka huu namaliza". Inboksi yangu usiku ule ilijaa.

Hatua ya 8: Pesa, misiba na matapeli

Hii fupi ila muhimu. Misiba itakuja, na kuchangiana ndo kunawafanya watu wawe ndugu, msiwazuie. Ila michango isikusanywe kwenye kundi la masomo, mtunza hazina mmoja, kiasi kisitajwe, na orodha ya "waliotoa" isipostiwe kamwe, nimeona mtu akiacha kuingia darasani kwa sababu ya jina lake kutokuwepo kwenye orodha ya rambirambi ya elfu mbili.

Anayekuja na "pepa limevuja, elfu ishirini tu" toa palepale bila mjadala. Na mtu yeyote akikwambia nitumie zile namba sita zilizoingia kwenye sms yako, hizo ndo funguo za WhatsApp yako, usitume hata kama namba ni ya CR, CR mwenyewe ameshaibiwa. Washeni ule uthibitishaji wa hatua mbili.

Hatua ya 9: Kwa matyuta na walimu

Michael Moore aliandika 1989 kwamba kwenye masafa kuna mahusiano matatu: mwanafunzi na anachokisoma, mwanafunzi na mwalimu, mwanafunzi na wenzake. Walimu wetu wengi wanahangaika na la kwanza tu, wanapakia maandishi wanasema kazi imeisha. Hatuombi muwe hewani saa zote, mna maisha yenu. Tunaomba vitu viwili. Taja jina la mtu kwenye masahihisho, "Neema, aya ya pili umeitetea vizuri, ya tatu umekimbia", hiyo ni sekunde kumi kwako na mtu anaisoma mara tano. Na toa saa yako ya kujibu, hata kama ni moja kwa wiki, uitimize, maana mwalimu anayejibu kila Ijumaa mtu anaweza kumsubiri lakini anayejibu akijisikia hasubiriki.

Hatua ya 10: Onaneni hata mara moja

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania tangu kianze kazi mwaka 1993 kimejengwa juu ya vituo vya mikoa, na Kenya nao toka 2023 wana chuo huria chao kinachofundisha mtandaoni, ila popote ulipo kuna siku ambazo watu wanakusanyika tu, usajili au mitihani. Tumieni hizo. Fikeni siku moja kabla, kunyweni chai na chapati pamoja, nusu saa inatosha. Mtu uliyemsikia sauti muhula mzima ukimwona ni mfupi kuliko ulivyodhani mnacheka mpaka basi, na mtihani wa kesho yake unaingia ukiwa na watu.

Hatua ya 11: Mtu akitaka kuacha kweli

Itatokea, na wakati mwingine ana sababu za haki kabisa, uzazi, ugonjwa, ada, mgonjwa nyumbani. Msimpigie kelele za "usikate tamaa". Muulizeni anaacha au anapumzika. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa barua, kuna fomu na kuna tarehe ya mwisho, na tofauti ya aliyeahirisha kwa barua na aliyepotea tu ni kubwa siku ya kutaka kurudi. Pacha wake amsaidie kujaza ile fomu, wapige picha iliyogongwa muhuri, waitunze wote wawili. Na msimtoe kwenye kijikundi. Aendelee kusoma meseji, asipangiwe zamu, basi.

Yule dada wa Rukwa nilikuja kumpigia mwenyewe, kwa kuchelewa hivyohivyo. Alikuwa anamuuguza mama yake hospitali ya mkoa, anasoma kwenye benchi la wodini, na lile swali la 2 aliliandikia pale. Hakuahirisha kwa sababu hakujua kama inawezekana na hakuwa na wa kumuuliza. Alirudi baada ya mwaka, ikabidi aanze moduli nne upya na kulipia upya. Nilimwomba radhi, akasema "mbona hukunikosea wewe peke yako", nikakosa cha kujibu.

Nimalizie na daftari. Kila Jumapili jioni nikimaliza kupasi nguo za wiki nafungua daftari la kawaida la kurasa 96, nimeandika majina yote kwa vijikundi, mbele ya kila jina naweka tarehe ya mara ya mwisho kusikika. Nawauliza viongozi wa vijikundi, inachukua dakika 25. Jina likiwa na tarehe ya zaidi ya wiki nalizungushia kalamu nyekundu na Jumatatu mchana napiga. Wiki hii yamezungushiwa matatu, wawili nimewapata, wa tatu simu inaita haipokelewi, pacha wake kasema atapita kwao kesho maana ni njia moja.

Anayetaka mfano wa maswali ya kura ya kugawa muda au maneno tunayoweka kwenye maelezo ya kundi aseme nimtumie.